Meno Saba ya Muhindo

Jumanne tarehe 10 Januari 2023, saa mbili na robo asubuhi, jino moja la Muhindo lilitoka mdomoni likiwa limekwama kwenye punje ya kahawa. Lilikuwa jino la mbele, la chini, upande wa kushoto. Halikuvunjika. Lilitoka zima na mzizi wake, na damu iliyofuata haikujaza kijiko.

Muhindo aliliweka kwenye kiganja, akaliangalia kidogo, kisha akamwonyesha baba yake ile punje.

"Papa, hii bado," alisema. "Iko na maji."

Walikuwa kwenye depo ya kahawa ya baba yake, Siméon Mathe, katika mtaa wa Furu mjini Butembo. Gunia lililofunguliwa lilitoka Kasugho. Siméon aliangalia jino, akaangalia punje, akaamuru gunia lirudishwe juani. Kisha ndipo alipomwita mama yake Muhindo kwa simu.

Kazi ya Muhindo pale depo ilikuwa moja. Mkulima anapoleta kahawa iliyobaki na ganda lake jembamba, mtu lazima ajue kama imekauka vya kutosha, maana kahawa yenye maji huota ukungu ghalani. Wanunuzi wengi wa Butembo hupima kwa meno. Punje huondolewa ganda, huwekwa kati ya meno ya mbele, na hung'atwa taratibu. Ikikubali alama ya jino, bado ina maji. Ikikataa, imekauka. Muhindo alikuwa akifanya hivyo tangu akiwa na miaka kumi na saba. Sasa alikuwa na ishirini na mbili. Kati ya Oktoba na Desemba mwaka uliopita alipitisha magunia 212, na msafirishaji mkubwa wa kahawa ng'ambo aliyeyapokea aliyapima yote kwa mashine ya unyevu. Mashine ilipingana na Muhindo kwa magunia matano. Hiyo ni hesabu ya mashine, si ya mama yake.

Muhindo alizaliwa baada ya wasichana watatu, na ndiyo sababu ya jina lake: kwa Kinande ni mtoto anayebadili jinsia ya waliomtangulia. Alizaliwa pia na trisomia 21: kila chembe ya mwili wake ina kromosomu tatu za namba ishirini na moja, mahali ambapo watu wengine wana mbili.

Mama yake, Virginie, alifika depo saa tatu. Alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima ulimwita Madame. Alimfungua mwanawe mdomo, akagusa meno ya mbele kwa kidole, moja baada ya jingine. Yalikuwa yamebaki saba: manne ya juu na matatu ya chini. Matano yalitikisika.

"Ni kahawa," alisema Siméon, akimwita mkewe kwa jina la binti yao mkubwa. "Miaka tano anang'ata, Mama Solange. Hata panga inakwishaka."

"Paulin anang'ata sukari guru tangu Mobutu," alijibu Virginie. "Meno yake inatikisika?"

Paulin, mpagazi wa depo, alifunga mdomo haraka.

Siku hiyo hakuna aliyepata jibu. Maulidi, mwenye lori aina ya Fuso aliyebeba kahawa yao kati ya Butembo, Beni na Mangina, alisema anamjua mtu Beni ambaye mkono wake ni mwepesi kwa meno. Jumamosi tarehe 14 Virginie na Muhindo walipanda lori lake.

Mtu huyo aliitwa Abdias. Alikuwa muuguzi mwenye chumba cha meno karibu na soko, mnene, mchangamfu, na mbele ya mlango wake palikuwa na foleni. Alimtazama Muhindo mdomoni kwa muda usiozidi dakika moja.

"Mama, hii mudomo ni muchafu," alisema. "Tunatoa zote saba za mbele, siku moja, anapona. Hawa batoto ni vile. Hawajue kujisafisha."

"Mimi njo namusafishaka," alisema Virginie; kwa Kiswahili cha huko *njo* ni ndiye au ndiyo. "Asubui na mangaribi. Toka anaota jino ya kwanza."

"Donc wewe njo hujue," alisema Abdias, akacheka, na watu kwenye benchi wakacheka naye.

Aliandika kwenye kadi: *usafi mbaya, kung'oa 7, Jumamosi 28 Januari.* Virginie aliisoma kadi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Katika miaka ishirini na sita hakuna mkaguzi aliyewahi kumwandikia neno *mbaya*.

Waliporudi, Siméon alisema waziwazi jambo ambalo wote walikuwa wameshalifikiria. Bila meno ya mbele Muhindo hawezi kupima kahawa. Asipopima, hana kazi pale, na depo yenye magunia ya kilo sitini si mahali pa mtu asiye na kazi. Atabaki nyumbani.

"Mimi hapana baki nyumba," alisema Muhindo. "Nyumba ni ya kuku."

Hilo ndilo lililokuwa mezani: meno saba, na siku kumi na nne.

Jumanne tarehe 17 Virginie alimpeleka kwa daktari wa meno pale pale Butembo, mwanamke wa miaka thelathini na minne aitwaye Anne-Marie Kavuo, mzaliwa wa Lubero aliyesomea Kinshasa. Kliniki yake ilikuwa na kiti kimoja na jenereta moja. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakipitisha taratibu kati ya jino na ufizi, mahali sita kwa kila jino, akitaja namba huku msaidizi wake akiandika. Ufizi mzima huruhusu kijiti kushuka milimita moja hadi tatu. Kwa Muhindo kilishuka tano, sita, na mara mbili saba. Katika vipimo arobaini na viwili vya meno ya mbele, thelathini na nane vilitoa damu.

Muhindo alishika mikono ya kiti na hakulalamika. Kijiti kilipotoka alisema, "Namba mingi."

"Mingi sana," alisema Anne-Marie. "Mais sikiliza, Madame. Hakuna jino lenye kutoboka. Hata moja. Mutoto muchafu anakuwaka na matundu."

"Hiyo peke yake haitoshi kunitoa lawamani," alisema Virginie. Aliongea na daktari kwa Kiswahili cha darasani, kama alivyofanya na wakaguzi. "Nataka ipimwe."

"Ipimwe namna gani?"

"Nina watoto wanne. Wote walifundishwa na mimi kusafisha meno. Chukua mwingine, mlinganishe naye."

Anne-Marie aliwaza, kisha akasema ana vidonge vya rangi. Mtu akitafuna kimoja na kusukutua, rangi hushika mahali penye utando wa vijidudu tu, yaani ule uchafu laini usioonekana kwa macho. Pasipo na utando hubaki peupe.

Ijumaa tarehe 20, saa kumi jioni, Virginie alirudi na Muhindo pamoja na binti yake mkubwa, Solange, mwenye miaka ishirini na tisa, muuza vitenge katika soko kuu. Solange alikuja na kipande cha muwa mkononi.

"Docteur, mimi sigonjwe," alisema. "Nilikuja kusindikiza tu."

"Tafuna," alisema mama yake.

Wote wawili walitafuna, wakasukutua, wakatema. Anne-Marie aliwapa kioo. Meno ya Solange yalikuwa ya waridi karibu nusu, nyuma na kando, na mstari mzito ulifuata fizi zote. Ya Muhindo yalikuwa meupe juu na katikati. Yalikuwa na mstari mmoja tu mwembamba, mahali jino linapoingia kwenye ufizi.

Muhindo aliangalia kioo, akaangalia dada yake mkubwa, ambaye nyumbani alimwita Yaya, akaangalia kioo tena.

"Yaya Solange iko muchafu!" alisema. Alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Ee, wewe! Funga mudomo!"

"Wewe njo funga. Iko rouge."

Msaidizi alilazimika kutoka nje kucheka. Solange alifunga mdomo kwa kitenge na hakuufungua mpaka daktari alipochukua kijiti. Kisha Anne-Marie alimpima, mahali sita kwa kila jino la mbele. Mbili, mbili, tatu, mbili. Damu ilitoka mahali pawili tu.

Virginie aliomba karatasi, akachora safu mbili, akaandika. Solange: utando mwingi, ufizi mzima. Muhindo: utando kidogo, ufizi unaooza. Alizitazama safu hizo kama anavyotazama hesabu ya mwanafunzi ambaye jibu lake ni sahihi lakini njia haijaandikwa.

"Njia iko wapi?" aliuliza.

Anne-Marie alivua glavu, akaeleza. Ufizi hauliwi na vijidudu peke yao. Vijidudu hukaa kwenye utando, na mwili hujibu kwa kupeleka damu, joto, uvimbe na chembe za vita. Jibu hilo likiwa la kiasi, linawazuia. Likiwa kubwa mno na lisipozimika, linayeyusha nyama na mfupa unaoshika jino. Sasa, kwenye kromosomu ya ishirini na moja kuna jeni nne za vipokezi vya interferoni. Interferoni ni ujumbe wa hatari ambao chembe hutumiana. Vipokezi ndivyo vinavyousikia. Mtu mwenye kromosomu tatu ana nakala tatu za kila moja ya jeni hizo. Chembe zake husikia ujumbe ule ule kwa nguvu zaidi.

"Kama vile mtaa unapiga sufuria kwa ajili ya mwizi," alisema Virginie taratibu. "Watu wa kawaida wanatoka, wanamfukuza, wanarudi kulala. Wetu wanasikia sufuria moja kama kumi. Wanatoka wote na panga. Wanavunja nyumba ya mwenye nyumba."

"Njo vile. Na mwizi alikuwa ni panya tu."

"Ni hakika?"

"Vipokezi ni hakika. Kwamba ugonjwa wa fizi unakuja mapema na unakuwa mukali kwa watu wenye trisomie, hata kwa uchafu kidogo, ni hakika. Kwamba jeni hizo nne njo zinaeleza yote, hapana. Kuna mengine bado banatafuta."

Virginie aliitikia kwa kichwa. Jibu lenye mpaka lilimridhisha kuliko jibu lisilo na mpaka.

Lakini Anne-Marie alikuwa bado ameshika kioo. "Madame, sasa mimi njo nauliza. Hapa juu ni safi kabisa. Mustari uko kwenye fizi tu, pande zote, kama mutu alichora na rula. Unamusafisha na nini?"

Solange alimwangalia mama yake, kisha akaangalia sakafu.

"Na kitambaa," alisema Virginie.

"Hapana brosi ya meno?"

"Brosi niliacha. Mwaka 2018."

Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti. Mwezi wa nane mwaka huo Ebola ilianzia Mangina, ikafika Beni, kisha Butembo. Kila kizuizi cha barabara kilikuwa na tangi la kunawa mikono, mtu wa kupima joto, na karatasi ya dalili ukutani. Kati ya dalili zilizoandikwa ilikuwamo damu kwenye fizi. Muhindo alikuwa ameanza kumsindikiza baba yake kununua kahawa. Siku moja ya Novemba, kwenye kizuizi cha kuingia Butembo, alinawa mikono, akasukutua, akatema. Mate yalikuwa ya waridi. Mtu wa kupima joto aliruka nyuma. Muhindo alichukuliwa, akalazwa peke yake katika hema, na watu waliovaa mavazi ya plastiki mwili mzima wakamtoa damu. Majibu yalitoka kesho yake: hakuwa na Ebola. Lakini habari ilikuwa imeshafika Furu kabla yake, na kwa wiki tatu hakuna mkulima aliyeingia depo.

"Niliona kwamba brosi ndiyo inatoa damu," alisema Virginie. "Nikaondoa brosi. Nilichukua kitambaa, nikapanguza meno bila kugusa fizi. Damu haikuonekana tena kwenye mate. Nilifikiri nimeshinda. Ebola ilikwisha 2020. Kitambaa kilibaki."

Muhindo, aliyekuwa bado kwenye kiti, alisema, "Ile hema ilikuwa na baridi." Ilikuwa mara ya kwanza kwa Solange kumsikia akiitaja.

"Docteur," alisema Virginie, "kosa hilo ni langu. Liandike. Lakini liandike kwa ukubwa wake."

Anne-Marie aliandika: *fizi hazikupigwa mswaki tangu Novemba 2018, utando kidogo kwenye mstari wa fizi, jibu la mwili kubwa kupita kiasi, trisomia 21.* Alimpa asome. Virginie alisoma, akasema kwa Kinande, "Wasingya," yaani asante, na akauliza kinachofuata.

Kilichofuata kilikuwa moyo. Karibu nusu ya watoto wenye trisomia 21 huzaliwa na hitilafu ya moyo, na kusafisha fizi zenye ugonjwa huingiza vijidudu kwenye damu. Anne-Marie alikataa kugusa kitu kabla moyo haujapigwa picha. Picha ilipigwa hospitalini tarehe 24. Moyo wa Muhindo ulikuwa mzima.

Jumamosi tarehe 28, siku ya kung'oa, Virginie na Muhindo walipanda tena lori la Maulidi kwenda Beni. Siméon alisema simu ingetosha. Virginie alisema kadi iliandikwa mbele ya watu, basi itajibiwa mbele ya watu.

Foleni ilikuwepo, na Abdias alikuwa amepanga koleo kwenye sahani.

"Ah, Mama wa Butembo! Kijana yuko tayari?"

"Hatutoi," alisema Virginie. Alitoa kwenye mkoba kidonge kimoja cha rangi, kati ya vile alivyoomba kwa Anne-Marie. "Kwanza utafune hii."

"Ni nini?"

"Ni mutihani."

Watu kwenye benchi walisogea. "Tafuna, Docteur!" alisema mzee mmoja aliyeshika shavu. "Sisi wote tunafungulaka mudomo kwako. Leo ni zamu yako."

Abdias alikuwa mtu wa kupenda mzaha, na hapo palikuwa na watazamaji tisa. Alitafuna, akasukutua, akatema. Muhindo alimshikia kioo kwa mikono miwili. Meno ya Abdias yalikuwa ya waridi toka mwisho hadi mwisho. Kisha Virginie akampa Muhindo kidonge, na Muhindo akatafuna, akafungua mdomo kwa upana mbele ya benchi lote. Meupe, na mstari mwembamba. Tangu tarehe 20 alikuwa akipigwa mswaki laini, na mstari wenyewe ulikuwa umekatika mahali pengi.

"Papa Abdias," alisema Virginie, "andika na kwako. *Usafi mbaya.* Toa saba."

Benchi lilicheka kwa muda mrefu. Abdias alicheka pia, lakini aliacha kabla yao. Alimwinua Muhindo kidevu, akaangalia fizi kwa makini, safari hii kwa zaidi ya dakika.

"Mais inatoka damu," alisema. "Kama hapana uchafu, ni nini?"

Virginie alimweleza: kromosomu, vipokezi, mtaa na sufuria. Alimweleza pia kuhusu kitambaa, bila kuruka. Abdias alisikiliza akiwa amesimama.

"Unanifundisha kazi yangu, Madame?"

"Ndiyo."

Alivuta kiti, akakaa.

"Kuna wengine nilitoa," alisema. "Kama huyu. Batatu. Mwaka jana na ule mwingine. Moja alikuwa na miaka kumi na tano. Niliandika vile vile."

"Hayo hayarudi," alisema Virginie. "Wanaokuja, wapime."

Abdias aliichukua kadi, akakata mstari mmoja juu ya maneno yake, akaandika jina la Anne-Marie Kavuo na mji wa Butembo. Kisha akaomba aachiwe vidonge viwili. Virginie alimwachia vinne.

Tiba ilianza Jumatatu tarehe 6 Februari na ilichukua Jumatatu nne. Kila mara Anne-Marie alitia sindano ya ganzi robo moja ya mdomo, akaondoa ukoga mgumu uliojificha chini ya fizi, akaosha kwa dawa. Nyumbani, mswaki laini uliendelea kupita kwenye mstari wa fizi kila asubuhi na kila jioni, dakika tatu kwa saa ya ukutani. Siku tisa za kwanza za tiba damu ilitoka. Virginie alipiga mswaki juu ya damu hiyo. Siku ya kumi mate yalikuwa meupe.

Jino moja halikuokolewa. Lilikuwa la juu, upande wa kushoto, na mfupa wake ulikuwa umekwisha. Anne-Marie alilitoa tarehe 13 Machi. Yalibaki sita.

Agizo lililomsumbua Muhindo lilikuwa jingine: asing'ate kahawa mpaka meno yapimwe tena Julai. Kung'ata hakukuleta ugonjwa, alisema daktari, lakini jino lililolegea haliponi likisukumwa kila siku. Siméon alimweka Paulin mahali pake. Wiki ya kwanza msafirishaji alirudisha magunia sita. Wiki ya pili, manane.

"Paulin anang'ata kama mbuzi," alisema Muhindo. "Anakula, hasikilize."

"Kahawa inasikilizwaka?" aliuliza Paulin.

Muhindo hakubishana. Alichukua kopo tupu la nyanya, akatia punje kiasi cha konzi moja, akalitikisa karibu na sikio la kulia. Akamwaga, akatia punje za gunia jingine, akatikisa. Alifanya hivyo kwa siku kadhaa, kwa magunia ambayo tayari yalikuwa na namba ya mashine, akimwomba Paulin amsomee namba kila mara. Yenye maji yalitoa sauti nzito, ya chini. Makavu yalilia juu. Hakuna aliyemfundisha; Siméon, alipoulizwa na wakulima, alisema hajawahi kumwona mnunuzi yeyote akifanya hivyo.

Tarehe 27 Machi Siméon alimpa magunia thelathini yasiyopimwa. Muhindo alitikisa kopo mara thelathini, akasema "imekauka" au "bado" mara thelathini, na Paulin akaandika chaki kwenye kila gunia. Yote yalipelekwa kwenye mashine. Jioni msafirishaji alipiga simu mwenyewe. Mashine na Muhindo walikuwa wamekubaliana kwa magunia ishirini na tisa.

Siméon aliweka simu juu ya mizani. Alimwita mwanawe kwa jina kamili mbele ya wakulima wanne waliokuwa wakisubiri.

"Muhindo Mathe. Nani alikwambia utumie masikio?"

"Docteur alikataza meno," alisema Muhindo. "Hakukataza masikio."

Wakulima walipiga makofi. Siméon hakupiga, alikuwa ameshika ukingo wa mizani kwa mikono yote miwili. Kisha alimwambia Paulin arudi kwenye upagazi, na Paulin akasema aksanti Mungu.

Ijumaa tarehe 21 Julai, saa nne asubuhi, Anne-Marie alipima tena. Virginie alisimama kando ya kiti. Msaidizi aliandika, na Muhindo, ambaye sasa alizijua, alizirudia namba kwa vidole vyake kila zilipotajwa. Mbili. Tatu. Tatu. Nne. Mahali pamoja palikuwa na tano, nyuma ya jino la juu la kulia, na Anne-Marie alisema hapo patasafishwa tena baada ya miezi mitatu, na kila miezi mitatu maisha yake yote, maana kromosomu haiondoki. Katika vipimo thelathini na sita, damu ilitoka mahali patano. Meno matano kati ya sita hayakutikisika. La sita lilitikisika kidogo.

"Unaweza kung'ata kahawa," alisema Anne-Marie. "Kidogo."

Muhindo alifikiri.

"Hapana," alisema. "Meno ni ya nyama."

Kwenye benchi la kusubiri alikuwa ameketi mwanamke mwenye mtandio wa kijani, Hadidja, mke wa fundi pikipiki wa Beni, pamoja na binti yake Aisha, mwenye miaka tisa na trisomia 21. Hadidja alikuwa ameshika kadi yenye mwandiko wa Abdias: *fizi zinatoa damu; usafi mzuri; apimwe.* Hadidja alimuuliza Virginie kama inauma. Virginie alisema amuulize anayejua. Muhindo alichuchumaa mbele ya Aisha, akafungua mdomo, akamwonyesha yale sita, moja baada ya jingine, akiyahesabu kwa sauti. Aisha alihesabu naye mpaka sita, kisha akafungua wa kwake.

Saa sita mchana lori la Maulidi liliingia Furu na magunia arobaini kutoka Mangina. Maulidi aliteremka, akaapa kwamba yote yamekauka, kwamba yeye mwenyewe aliyaona juani. Muhindo alipita kati ya magunia kwa dakika hamsini. Alikataa manne.

"Ah, petit, unanionea!" alisema Maulidi. "Papa Solange, sema kitu."

Siméon aliangalia magunia manne yenye alama ya chaki. "Bosi amesema," alijibu.

Saa saba na dakika ishirini Maulidi na Paulin waliyapakia tena yote manne kwenye lori.